Simba na linksi wako daraja moja, lakini hawaelekei upande mmoja

Mwezi Juni 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilitangaza kwamba linksi wa Iberia, paka wa porini wa Hispania na Ureno, ameondoka kwenye daraja la wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka na kuingia daraja lenye nafuu kidogo, la walio hatarini. Mwaka 2001 walikuwa wamebaki 62 tu waliokomaa. Mwaka 2022 waliokomaa walifika 648, na ukijumlisha watoto na vijana idadi yao ilipita 2,000. Habari ni njema, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Tatizo ni somo linalochotwa humo. Wengi wanaisoma hivi: paka akikaribia kuisha anakamatwa, anazalishwa kizimbani, anarudishwa porini, kazi imekwisha. Na kwa kuwa Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, basi sisi huku Ruaha, Usangu na Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, bado tuna muda wa kutosha. Nasema usomaji huo una makosa mawili makubwa. Linksi hakurudishwa na kizimba peke yake. Bila sungura na ardhi kizimba kisingefaa kitu. Na daraja aliloingia, ambalo ndilo daraja la simba, chui na duma wetu, linaficha jambo tunalopaswa kuliogopa, kwamba yeye analipanda huku wenzake wakiliteremka.

Tuanze na daraja lenyewe. Orodha Nyekundu ya IUCN hupanga spishi kwa vigezo kadhaa, na spishi ikitimiza hata kimoja inawekwa humo. Kigezo kimoja ni kasi ya kupungua. Spishi iliyopungua kwa asilimia 30 ndani ya vizazi 3 iko hatarini, iliyopungua kwa asilimia 50 iko katika hatari kubwa, na ikifika asilimia 80 iko ukingoni kabisa. Kigezo kingine ni uchache. Hapo mipaka ni waliokomaa 1,000, kisha 250, kisha 50. Linksi yuko hatarini kwa uchache, ingawa anaongezeka. Simba yuko hatarini kwa kupungua, ingawa bado anahesabiwa kwa maelfu. Tathmini iliyofuata makundi ya simba yaliyokuwa yakihesabiwa kati ya 1993 na 2014 ilikuta upungufu wa takriban asilimia 43. Lakini wastani huo umechanganya hali mbili tofauti sana. Katika Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Zimbabwe, pamoja na India, ambako simba wengi wako ndani ya uzio au kwenye maeneo yenye fedha nyingi za ulinzi, makundi yaliyofuatiliwa yaliongezeka kwa asilimia 12. Kwingineko Afrika, nasi tukiwemo, yalipungua kwa asilimia 60. Kwa kigezo kilekile, simba wa upande wetu wangepimwa peke yao wangekuwa tayari kwenye daraja ambalo linksi ametoka. Mtu anayesema "simba na linksi wako sawa" amesoma jina la daraja bila kusoma sababu ya kuwekwa humo.

Sasa tuje kwenye kilichomrudisha linksi. Mnyama huyu hula sungura, na karibu hana chakula kingine. Mkubwa mmoja anahitaji sungura mmoja hivi kwa siku, na jike mwenye watoto anahitaji zaidi. Sungura wa Iberia walipigwa na ugonjwa wa miksomatosi kuanzia miaka ya 1950, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja ugonjwa wa virusi wa kutoka damu. Hapo linksi walikwisha hata mahali ambapo hakuna aliyewapiga risasi. Miradi iliyoanza kwa nguvu mwaka 2002 ilihangaika kwanza na chakula. Vichaka vilifyekwa kwa mabaka ili nyasi ziote, mashimo ya sungura yakachimbwa kwa mikono, sungura wakaachiliwa, na eneo lisilo na sungura wa kutosha halikupewa linksi. Wakati huohuo zilifungwa mikataba na wenye mashamba na vyama vya wawindaji, maana sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya watu binafsi. Vivuko vikajengwa chini ya barabara, kwa sababu magari yamekuwa miongoni mwa vinara wa kuwaua. Kizimba kilikuja katikati ya mlolongo huo. Watoto wa kwanza walizaliwa kituoni El Acebuche, Hispania, mwaka 2005, na kuachiliwa kulianza mwaka 2010. Zaidi ya 400 wamepelekwa porini tangu hapo, na eneo wanaloishi limekua kutoka kilomita za mraba 449 mwaka 2005 hadi 3,320. Bila kizimba idadi isingepanda haraka hivyo, na hilo halina ubishi. Lakini waondoe sungura, mikataba na vivuko, linksi hao 400 wangekuwa chakula cha lori na njaa.

Wapo wanaotetea kizimba kwa hoja nzito zaidi, kwamba kundi la akiba linazuia ajali ya siku moja kufuta spishi nzima. Hoja hiyo ina ukweli kwa mnyama aliyebaki na makumi. Mwaka 2007 virusi vya lukemia ya paka viliingia kwa linksi wa Doñana, kusini mwa Hispania, na bila akiba kituoni wasiwasi ungekuwa mkubwa mara mbili. Kwa simba hesabu inageuka. Afrika Kusini ina simba zaidi ya 8,000 kwenye mabanda na mashamba ya kuzalishia, wengi kuliko simba wake wa porini, na mwaka 2021 serikali yao ilipokea ushauri wa kuifunga biashara hiyo. Simba hao hawajajaza pori hata moja lililopoteza simba. Aliyelelewa na mtu hana woga wa mtu, nasaba yake imevurugika, na hajafundishwa na mama yake kuangusha nyati. Hata wanyama waliokamatwa porini na kuhamishwa hupata shida. India, iliyotangaza mwaka 1952 kuwa duma wake wamekwisha, ilipokea duma 8 kutoka Namibia Septemba 2022 na 12 kutoka Afrika Kusini Februari 2023, na kadhaa walikufa ndani ya muda mfupi. Upande wa maabara nako, Aprili 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kuwa imemrudisha mbwa mwitu mkubwa wa kale. Ilichokuwa nacho ni mbwa mwitu wa kijivu wa leo aliyebadilishwa mahali 20 katika jeni 14. Mtoto wa paka mwenye meno ya upanga, Homotherium, aliyekutwa kwenye barafu ya Yakutia mwaka 2020 akiwa na manyoya na makucha yake baada ya miaka zaidi ya 35,000, ametufundisha mengi kuhusu umbo lake. Pori aliloishi halipo tena, na hakuna maabara inayozalisha pori.

Mfano unaotuhusu zaidi kuliko wote unatoka Asia ya Kati. Chui milia wa Kaspi aliishi kwenye matete na misitu ya kingo za mito ya Amu Darya na Syr Darya, akila nguruwe pori na kulungu. Aliwindwa sana, hata na wanajeshi waliotumwa kazi hiyo. Lakini pigo ambalo hakuweza kulihimili lilikuja pale matete yalipofyekwa na maji kuhamishiwa kwenye mashamba ya pamba. Nguruwe pori wakapungua, na kufikia miaka ya 1970 chui milia hakuwepo tena. Leo Kazakhstan inataka kumrudisha kwa kutumia ndugu yake wa Siberia. Hatua walizopanga ni za kujifunza. Hifadhi ya Ile-Balkhash ilitengwa mwaka 2018, kulungu wa Bukhara wakaanza kurudishwa, na ni mwaka 2024 tu ndipo chui milia wawili walipoletwa kutoka Uholanzi, tena wa kukaa ndani ya uzio. Miaka 6 ya chakula na ardhi imetangulia mnyama.

Badala ya pamba weka mpunga, badala ya Amu Darya weka Ruaha Mkuu. Mto huu, unaokusanya maji ya milima ya Mbeya, Kipengere na Uporoto, ukapita bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu kabla ya kuingia hifadhini, haukuwa ukikauka. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi. Sababu zinajulikana kwa kila anayelima Mbarali. Mifereji ya mashamba makubwa na ya wakulima wadogo huchukua maji hata baada ya mavuno, kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, mifugo na vitalu vya mapema, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia kutuama na kupotea juani kabla ya kufika yanakotakiwa. Kule chini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mto unageuka msururu wa madimbwi. Swala pala, pundamilia na nyati wanabanana kwenye madimbwi hayo, viboko wanakufa kwenye tope, na simba kwa miezi michache wanashiba kuliko kawaida. Mtalii anaona simba wengi ukingoni na kudhani mambo ni mazuri. Kinachofuata ni kwamba nyati hawawezi kutembea mbali na maji, malisho ya karibu yanaisha, waliodhoofika wanaliwa au kufa, na msimu unaofuata kundi ni dogo. Simba mwenye nyati wachache anakwenda kwenye ng'ombe wa Pawaga, mpakani mwa hifadhi.

Hilo tumeshaliona, na tuliliona hapa hapa. Katika miaka ya 1930 na 1940 simba wa eneo la Njombe walijulikana duniani kote kwa kula watu. Wengi waliamini ni simba wa kutumwa, na hofu hiyo ilifanya watu wasitaje hata majina yao. George Rushby, ofisa wanyamapori wa serikali ya kikoloni aliyepelekwa kuwasaka, aliona chanzo kingine. Ili kuzuia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, isivuke kwenda kusini, serikali ilikuwa imeua wanyamapori kwenye ukanda mpana, na simba waliobaki bila mawindo walijifunza mawindo mengine, kisha wakawafundisha watoto wao. Naiamini tafsiri hiyo. Wanaodai leo kwamba kuua nyati na swala kwa mitego ya waya ni wizi mdogo wa kitoweo, usiohusiana na simba, wanapaswa kukaa na historia ya Njombe kidogo.

Upande wa pili wa hoja hii una uzito mkubwa, na hauko tayari kusubiri wataalamu. Mfugaji wa Idodi au wa Usangu aliyekuta ng'ombe wanne wamekufa nje ya boma alfajiri hajali daraja la IUCN. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni bima ya ugonjwa. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, zinatambua hasara hiyo, lakini malipo ni madogo mno ukiyapima na bei ya mnadani, na yanachelewa. Historia ya Usangu inaongeza uchungu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walihamishwa Ihefu na mifugo yao, wengine mpaka Lindi. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikafanya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mgogoro wa mipaka ya vijiji vya Mbarali haujaisha tangu wakati huo, na mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za mradi mkubwa wa utalii wa kusini kutokana na malalamiko ya wananchi. Mtu anayetaka kuokoa simba kwa kuongeza hifadhi na kusogeza watu tena anaongeza maadui wa simba. Hapa nakubaliana na wanaosema watu kwanza. Ninapotofautiana nao ni pale wanapohitimisha kwamba basi simba aondoke, maana kazi ya kumlinda mfugaji na kazi ya kumlinda simba, mipakani mwa Ruaha, kwa sehemu kubwa ni kazi moja, na inaanzia bomani.

Watu wa nje hudhani simba huruka ndani ya boma na kujichukulia. Mara nyingi haendi hivyo. Anazunguka mpaka upande unaotoka upepo, ng'ombe wananusa, wanataharuki, wanasukumana upande wa pili mpaka miiba inalala, wanatoka mbio gizani, na huko nje ndiko wanakouawa kadhaa kwa usiku mmoja. Boma la matawi ya mgunga likiwa jipya linazuia. Baada ya msimu mmoja wa mvua na mchwa limeshuka kimo na kupata mianya, na kwa kuwa kulikarabati ni kukata miti mingine, linaachwa hivyo. Boma la wavu wa chuma linadumu miaka mingi likijengwa vizuri. Wavu uwe na kimo cha mita 2 hivi, nguzo zikae kila mita 2 hadi 3 na kuzikwa zaidi ya nusu mita. Nguzo zipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini kwa ajili ya mchwa, au vitumike vijiti vya miti inayochipua ikichomekwa, viwe nguzo hai. Kipande cha chini cha wavu kikunjwe kwenda nje na kuwekewa mawe, kwa sababu fisi hachezi na juu, anachimba. Miiba ya zamani isitupwe. Ikizungushwa kwa nje ya wavu inawazuia ng'ombe kumwona adui, na asiyemwona hataharuki sana. Kinachoangusha maboma mengi mazuri ni mlango. Watu huweka wavu wa gharama kisha wanaziba mlango kwa tawi moja la mwiba. Mlango uwe wa mbao au bati, wenye bawaba na komeo, usiobaki na nafasi chini. Chui naye ni habari nyingine. Anapanda wavu, na mita 2 hazimsumbui, kwa hiyo ndama na mbuzi walale kwenye banda lenye paa ndani ya boma.

Kazi hii si ndoto. Mradi wa Wanyama Wala Nyama Ruaha, ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford na sasa unaendeshwa chini ya jina la Lion Landscapes, umekuwa ukijenga maboma ya aina hii kwenye vijiji vya Idodi na Pawaga, ukiwaajiri vijana wa Kimang'ati, waliokuwa wakipata sifa na ng'ombe kwa kuua simba, wawe walinzi wa kuwafuatilia simba na kuwaonya wafugaji. Vijiji hutegewa kamera porini na kupata pointi kwa kila mnyama anayepigwa picha ardhini mwao, wanyama adimu wakipewa nyingi zaidi, na pointi hizo zinageuka dawa za zahanati, madawati na huduma za mifugo. Utafiti wa eneo hilo umeonyesha pia jambo ambalo wafugaji wenyewe hukiri wakikaa kuhesabu. Magonjwa huua mifugo mingi kuliko wanyama wala nyama wote, na kati ya wanyama hao fisi ndiye mwenye makosa mengi. Simba hulipa kwa makosa ya fisi kwa sababu nyayo hazikusomwa. Wayo wa paka hauonyeshi kucha, isipokuwa wa duma, na nyuma ya kisigino una mabonde mawili yanayofanya vifundo vitatu. Wa simba dume unazidi sentimita 11 kwa upana, wa chui haufiki 10. Wayo wa fisi unaonyesha kucha butu, na penye kazi yake hata mifupa imevunjwa. Anayetaka kudai kifuta jasho afunike wayo mzuri kwa ndoo au karai kabla mifugo haijatolewa, apige picha akiweka kiberiti pembeni kama kipimo, na asiguse shingo ya mzoga, maana alama za meno kooni ndizo zitakazomtambulisha muuaji.

Boma likishindwa, kinachofuata siku hizi si mkuki, ni sumu. Mkuki ulimtaka kijana amkabili simba na ukaua mmoja. Punje za dawa ya wadudu aina ya kabofurani zikinyunyizwa kwenye mzoga zinaua kila anayekula. Februari 2018, katika eneo la Ruaha, walikutwa simba 6 na tumbusi 74 wamekufa kwa tukio moja. Tumbusi huzaa yai moja kwa mara, kwa hiyo hasara hiyo hailipiki kwa miaka mingi, na bila tumbusi mizoga inabaki kwa mbwa na fisi. Sumu hii inanunuliwa kwa bei ambayo mfugaji yeyote anaimudu. Udhibiti wa maduka ya pembejeo una faida kubwa kwa simba kuliko doria nyingine ya magari, na haugharimu mafuta.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya wingi, kwamba nchi yenye simba wengi haina sababu ya kuharakisha. Kutoweka kwa paka hakutokei kitaifa kwa siku moja. Kunatokea bonde kwa bonde, na sensa ya nchi nzima ndiyo ya mwisho kujua. Afrika Magharibi ilikuwa na simba kutoka Senegali hadi Nigeria, leo wamebaki mamia katika vipande vichache. Chui milia wa Bali aliondoka miaka ya 1940, wa Java akafuata karibu na 1980, huku takwimu za jumla za chui milia zikiendelea kusomeka kwa maelfu. Wingi wenyewe unaweza kuvunjwa na mbwa wa kijijini. Mwaka 1994 virusi vya distempa kutoka kwa mbwa viliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya kundi lile, na hiyo ndiyo hifadhi iliyokuwa ikitazamwa na watafiti kila siku. Ruaha imezungukwa na mbwa wasiochanjwa wa vijiji vinavyoongezeka.

Kuna pia wanaosema vitalu vya uwindaji ndiyo jibu, kwani vinashikilia ardhi kubwa kuzunguka Ruaha na Rungwa ambayo isingekuwa na mlipaji mwingine. Hoja hiyo ninaiheshimu kuliko wengi wa wenzangu wanavyoiheshimu. Ardhi ikiacha kulipa inageuka shamba au mkaa. Ila inasimama tu pale sharti la dume wa miaka 6 na kuendelea linapofuatwa bila huruma. Dume mwenye kundi akipigwa mapema, madume wapya wanaoingia huua watoto wote wadogo ili majike wapate joto tena, na risasi moja inageuka vifo vya watoto ambao hakuna aliyewahesabu kwenye kibali.

Paka wengine wa porini, hasa wadogo, nao wasisahaulike, kwa kuwa Mbeya na Njombe zina wengi wao kuliko simba. Mondo wa nyasi za Kitulo na Uporoto hana tatizo kubwa duniani, yuko kwenye daraja la wasiwasi mdogo, lakini kwenye mashamba ya viazi anauawa kwa kosa la kuku wakati chakula chake karibu chote ni panya. Banda la kuku lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa na wavu wa matundu madogo linamaliza ugomvi huo. Chui wa misitu ya milimani anakutana na waya wa breki ya pikipiki uliotegewa funo na nguruwe, unamkaza kiunoni au mguuni, anaoza akiwa hai. Paka-mwitu wa Afrika, babu wa paka wote wa nyumbani, anaisha kwa njia isiyo na damu. Anapandana na paka wa vijijini mpaka wa asili hawapo tena. Uskoti ilifika hapo. Ripoti zilizotolewa kufikia 2019 zilikiri kwamba paka-mwitu wao hawezi tena kujiendeleza mwenyewe porini, na mwaka 2023 wakaanza kuachilia waliozalishwa kituoni. Huku kwetu bado kazi inaweza kufanywa na daktari wa mifugo wa kata kwa kuhasi paka wa vijiji vinavyopakana na pori.

Kwa hiyo, fedha zikipatikana, ziende wapi? Kituo cha kuzalisha simba au duma Nyanda za Juu Kusini kingependeza kwenye picha na kula bajeti ya miaka mingi, bila kumgusa yeyote kati ya hao niliowataja. Mimi ningezipeleka kwanza kwenye visima vya vijiji vya Mbarali, ili mifereji iweze kufungwa kiangazi bila watu kukosa maji ya kunywa. Hili ni sharti, kwa sababu agizo la kufunga mfereji kwa kijiji kisicho na kisima litavunjwa usiku huohuo. Kisha wavu na milango ya maboma kwa kuchangia, mfugaji akitoa nguzo na kazi, mradi au jumuiya ya hifadhi kama MBOMIPA ikitoa wavu. Chanjo ya distempa na kichaa cha mbwa itolewe pamoja, siku moja, kwenye vijiji vyote vya mpakani, na irudiwe kila mwaka, kwa kuwa watoto wa mbwa wanaozaliwa baada ya zoezi ndio wanaorudisha ugonjwa. Bei za kifuta jasho zifungwe kwenye bei ya mnada wa wilaya na zilipwe ndani ya miezi 3. Na hesabu za simba, chui na duma zinazotolewa kwa taifa zitolewe pia kwa wilaya, Iringa peke yake, Mbarali peke yake, Chunya peke yake, zikiambatana na idadi ya vijiji ambavyo nyayo za simba zilionekana mwaka huo na mwaka uliotangulia, ili diwani wa Pawaga au wa Madibira aweze kuona kwa macho yake kama kata yake inapoteza mnyama, wakati bado kuna kundi la jirani linaloweza kumrudisha kwa miguu yake mwenyewe.